Mume wangu asema riwaya zimeninyang'anya Mungu

Shikamoo Shangazi,

Naomba uniwie radhi, barua hii itakuwa ndefu. Mtu aliyezoea kusoma hajui kuandika kwa ufupi.

Nimeolewa, nina watoto wawili, mkubwa ana miaka tisa. Shida yangu kwa watu wengi si shida hata kidogo: napenda kusoma. Nasoma riwaya, hadithi fupi, mashairi, maisha ya watu mashuhuri, na nikikosa vyote hivyo nasoma maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa ya dawa. Nilijua kusoma kabla sijapelekwa shule na sijapumzika tangu hapo. Nasoma nikiwa kwenye foleni, nikiwa garini, nikisubiri maji yachemke. Usiku wenzangu wakishalala, najifunika shuka gubigubi na simu yangu ili mwanga usimwamshe mume wangu, nasoma mpaka macho yanagoma.

Nampenda Mungu pia. Sisemi hivyo ili kujikinga. Imani yangu na vitabu vimekua pamoja tangu utotoni, na sikumbuki wakati nilipokuwa na kimoja bila kingine. Mama yangu alipofariki, vitu viwili ndivyo vilivyonishikilia nisianguke: zaburi moja, na riwaya moja juu ya mwanamke aliyefiwa. Mpaka leo nikijiuliza ni kipi kilichonishikilia zaidi, nashindwa kujibu. Hilo ndilo linalonitisha.

Mume wangu ni mzee wa kanisa, mtu mwema, hana makuu. Yeye husoma Biblia na gazeti, basi. Siku hizi amekuwa akirudia maneno mamoja: "Unaongea na watu ambao hawapo, sisi tuliopo tunaongea na jalada." Juzi akaongeza kwamba riwaya zimeninyang'anya Mungu. Anataka Jumapili ijayo, baada ya ibada, twende kwa mchungaji niweke nadhiri ya kuachana na riwaya, nibaki na Neno peke yake.

Labda ningemkatalia, lakini kuna jambo limetokea ambalo limenivunja nguvu. Katika kikundi chetu cha akina mama cha kujifunza Biblia ilikuwa zamu yangu kuongoza, na tulikuwa tumefika Yona mlango wa nne. Nikawaambia, tazameni kitabu hiki kinavyoisha. Mungu anamuuliza Yona kama hapaswi kuuhurumia mji wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza kupambanua mkono wa kulia na wa kushoto, na wanyama wa kufugwa wengi. Halafu basi, hakuna mstari mwingine. Yona hajajibu, hatujui alirudi kwao au alibaki pale juani. "Na angalieni," nikasema, "kitabu kizima kinakomea kwenye mifugo!" Nikacheka, maana nilifurahi kwelikweli. Mama mmoja tunayemheshimu sana akafunga Biblia yake taratibu, akasema, "Mwanangu, wewe unasoma Neno la Mungu kama riwaya." Chumba kizima kikanyamaza. Mwingine akadakia kwamba hadithi za kubuni ni uongo, na baba wa uongo tunamjua.

Nilirudi nyumbani nimejikunyata. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kuna ukweli ndani yake. Biblia naisoma mbio. Nina ule mpango wa kuimaliza kwa mwaka mmoja. Sehemu ya siku naipitia haraka haraka, natia alama, nafungua riwaya. Jioni ukiniuliza asubuhi nilisoma nini, sina jibu. Ukiniuliza riwaya, nitakueleza mpaka rangi ya mapazia. Na nikipiga magoti kuomba, maneno yanayokuja ni ya watu wengine, mara kipande cha zaburi, mara sentensi niliyoiokota kwenye kitabu fulani, kana kwamba mwenyewe sina neno la kumwambia Mungu. Mwanangu mkubwa naye juzi alinisomea insha yake ya shule, nikamwambia ni nzuri, akaniuliza nzuri wapi, nikakosa la kusema. Lakini hayo ni mambo madogo, watoto husahau.

Naomba unijibu Shangazi: kusoma kwangu ni dhambi? Hadithi za kubuni ni uongo? Na hiyo nadhiri niiweke?

Msomaji wa Usiku

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na lile lenye tarehe. Nadhiri usiiweke. Sisemi hivyo kwa kuwa mumeo amekosea katika yote. Nitamrudia, na huenda usipende nitakayokuambia. Nasema hivyo kwa sababu umetoka kuaibishwa mbele za watu juzi tu, na nadhiri ya mtu mwenye aibu haina mizizi. Mhubiri ameandika kwamba ni afadhali mtu asiweke nadhiri kuliko kuiweka asiitimize.

Kuna mtu mkubwa aliyepitia njia hiyo kabla yako. Yeronimo, msomi wa karne ya 4, alipenda maandishi ya Cicero, mwandishi wa Kirumi wa kabla ya Kristo, kupita kiasi. Katika barua aliyoiandika akiwa Roma mwaka 384 anasimulia kwamba alikuwa akifunga, kisha akimaliza kufunga anamsoma Cicero, na akiwafungua manabii, Kilatini chao kikavu kinamchukiza. Akashikwa na homa kali wakati wa Kwaresima, akajiona amefikishwa mbele ya kiti cha hukumu. Akaulizwa yeye ni nani. Akajibu kwamba ni Mkristo. Hakimu akamwambia anasema uongo, yeye ni wa Cicero, si wa Kristo, kwa maana hazina yake ilipo ndipo na moyo wake ulipo. Akacharazwa viboko mpaka akaapa hatagusa tena vitabu vya kidunia. Miaka ikapita, na Rufino, aliyekuwa rafiki yake kabla hawajagombana, akamsuta hadharani kwamba maandishi yake yamejaa washairi wale wale alioapa kuwaacha. Yeronimo akajitetea kwamba aliyojifunza utotoni hawezi kuyafuta kichwani, na kwamba kiapo chenyewe kilikuwa cha ndotoni! Nacheka kila nikifika hapo. Lakini huyo huyo ndiye aliyewapa Wakristo wa Magharibi Biblia ya Kilatini waliyoitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja. Unadhani ile lugha yake aliinolea wapi?

Sasa, kama hadithi za kubuni ni uongo, manabii tutawaweka wapi? Daudi alipomchukua mke wa Uria na kumwua Uria, Nathani hakwenda kwake na hotuba juu ya amri ya sita na ya saba. Alikwenda na hadithi ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyekunywa katika kikombe chake na kulala kifuani pake, na tajiri aliyemnyang'anya. Maskini huyo hakuwahi kuwapo. Nathani wala hakumwambia mfalme mapema kwamba hii ni mithali. Daudi alidhani ni kesi ya kweli, akawaka, akatoa hukumu ya kifo, akaamuru na fidia mara nne. Ndipo akaambiwa, wewe ndiwe mtu huyo. Fikiria kama angeambiwa moja kwa moja. Wafalme wana majibu tayari kwa anayewashtaki. Kwa hadithi hakuwa na jibu, kwa kuwa alikwisha kuingia ndani akaketi.

Na Bwana wetu mwenyewe aliulizwa na mwanasheria, jirani yangu ni nani, akajibu kwa kusimulia juu ya mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Hatukuambiwa jina la mtu yule. Hakuna aliyeuliza kama ajali ile iliandikwa mahali.

Uongo ni kutaka nikiamini kisichokuwapo ili unidhulumu. Riwaya inajitaja jina mlangoni, inasema mimi ni riwaya. Kwa hiyo huyo mama aliyemtaja baba wa uongo alikurushia jiwe zito kuliko alivyokusudia, nawe usilibebe.

Mama wa kwanza, yule aliyefunga Biblia, ni mwingine. Yeye nimemfikiria zaidi. Alikuambia unasoma Neno kama riwaya, nawe ukasikia tusi. Mimi nikiisoma barua yako naona kwamba siku ile ulisoma Neno vizuri kuliko siku yoyote ya mpango wako wa mwaka. Uliona kwamba kitabu kinaisha kwa swali. Uliona mifugo. Watu wamehubiriwa Yona tangu utotoni wakabaki na samaki tu, samaki ambaye ana mistari michache. Macho yaliyoliona swali lile la mwisho ni macho yaliyofundishwa na hadithi, maana msomaji wa hadithi hujiuliza kwa nini mwandishi amekomea hapa asikomee pale. Mwandishi wa Yona aliliacha swali wazi kwa makusudi. Likijibiwa na Yona, sisi tunafunga kitabu tunakwenda zetu. Lisipojibiwa, linatugeukia.

Kwa kuwa umenipeleka kwa Yona, nikupe na jambo lingine la humo humo, maana linajibu lile la maombi. Soma sala yake ndani ya samaki, mlango wa pili, halafu fungua Zaburi ya 42. Mawimbi yote na gharika zote zilizopita juu ya Yona ni zile zile zilizompita mtunga zaburi, karibu neno kwa neno. Endelea kutafuta, utaona sala nzima imeshonwa kwa vipande vya zaburi. Mtu yuko tumboni mwa samaki, gizani, mwani umemzunguka kichwa, na anaomba kwa maneno ya watu wengine! Hakuna aliyemwambia ajitungie yake. Na msalabani, saa ile ambayo mtu angetarajiwa kuwa na maneno yake mwenyewe, Bwana alilia kwa mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22. Maneno uliyoyasoma yakikujia ukiwa magotini, yapokee. Yalikuwa akiba. Kama sentensi iliyokuja ni ya riwaya na inasema kweli juu ya hali yako, Mungu hatauliza umeitoa ukurasa gani. Paulo alipokuwa Athene alinukuu mtunga mashairi wa Kiyunani, "maana sisi sote tu wazao wake," na katika shairi lile maneno hayo yalimhusu Zeu, mungu wa Wayunani.

Mpaka hapo nimekuwa upande wako. Sasa nivuke.

Nimeisoma barua yako kama wewe unavyosoma vitabu, nikitazama mwandishi amekaa wapi muda mrefu na wapi amepita upesi. Kwa Yona ulikaa, ukanipa mpaka kicheko chako na ukimya wa chumba. Kwa mwanao ulipita. Mtoto wa miaka tisa ameandika insha, amekuja nayo, ameisoma kwa sauti, amekuuliza nzuri wapi, na wewe, mtu unayekumbuka rangi ya mapazia ya nyumba isiyokuwapo, hukuwa na la kumwambia. Halafu ukaandika kwamba ni jambo dogo. Mwanangu, katika barua yako yote hilo ndilo lililonisimamisha. Na watoto hawasahau hivyo unavyodhani. Wewe mwenyewe hujasahau ya utotoni mwako.

Mumeo naye umemwandika kama mtu anayepinga vitabu. Rudia maneno yake. Hakusema vitabu ni vibaya. Alisema, "Sisi tuliopo tunaongea na jalada." Huyo si mtu anayelinda mafundisho ya kanisa. Huyo ni mtu mpweke. Amekosa namna ya kulisema hilo, na kwa kuwa ni mzee wa kanisa, amelisema kwa lugha anayoifahamu, ya nadhiri na mchungaji. Ni rahisi kwa mwanamume kusema umemwacha Mungu kuliko kusema umeniacha mimi.

Augustino, yule aliyekuja kuwa askofu huko Afrika Kaskazini, ana kisa ambacho wapenda vitabu hupenda kukisimulia, ila wengi hukisimulia nusu. Alipokuwa Milano, kabla hajabatizwa, alikuwa akienda kwa Askofu Ambrosi na kumkuta anasoma kimya, macho yakipita juu ya kurasa, sauti na ulimi vimetulia. Mlango ulikuwa wazi, mtu yeyote aliruhusiwa kuingia bila kutangazwa. Augustino na wenzake walikuwa wakiketi, wanamtazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha wanaondoka, maana nani angethubutu kumsumbua? Watu hukomea hapo wakistaajabia usomaji wa kimya. Endelea kidogo mbele katika *Maungamo*, alimosimulia maisha yake, kitabu cha sita. Augustino anasema alikuwa na mambo yanayomchoma moyoni, alihitaji mtu mwenye nafasi ya kumsikiliza kwa kirefu, na nafasi hiyo kwa Ambrosi hakuipata. Askofu mtakatifu, anasoma vitu vitakatifu, mlango wazi, na mbele yake ameketi kijana anayezama. Simlaumu Ambrosi; alikuwa na watu wengi wa kuhudumia na muda mchache wa kujipumzisha. Lakini nyumbani kwako kuna watu wanaoketi, wanakutazama, wanaondoka.

Mweke kando ya Ambrosi yule towashi wa Kushi katika Matendo mlango wa nane. Yuko kwenye gari lake, anarudi kutoka Yerusalemu, anasoma nabii Isaya. Filipo anakimbia, anamsikia akisoma. Anamsikia! Alikuwa anasoma kwa sauti. Ndiyo maana Filipo aliweza kumuuliza kama anayaelewa anayoyasoma, naye akakiri kwamba hawezi asipoongozwa na mtu, akamkaribisha apande waketi pamoja. Towashi huyo angekuwa amejifunika shuka na simu yake, Filipo angeupita msafara.

Basi jibu langu kwa swali lako la kwanza ndilo hilo. Kusoma kwako si dhambi, ila kumejifungia. Dawa yake si kupunguza vitabu, ni kumwacha mtu apande garini.

Maana yake katika siku ya kawaida ni nini? Ule mpango wa mwaka uweke kando, hata ukiwa umefika mbali. Mpango huo unawafaa watu ambao bila kusukumwa hawasomi. Wewe hukuwahi kuhitaji kusukumwa, unahitaji breki. Chukua zaburi moja au aya moja ya Injili, isome kwa sauti, polepole, kama unamsomea mtu asiyeona. Sauti ina faida hiyo, haiwezi kuruka mistari kama macho. Neno likikushika, simama hapo hapo, hata kama ni mstari wa pili. Augustino siku alipoongoka, akilia chini ya mtini bustanini, alisikia sauti ya mtoto ikiimba "chukua, usome," akafungua nyaraka za Paulo, akasoma mistari miwili ya Warumi 13, akaacha. Anasema hakutaka kuendelea, wala haikuhitajika. Yalikuwa yamebaki maandiko mengi, naye hakuwa mvivu wa kusoma. Kitabu akampa rafiki yake Alipio, na Alipio akasoma mstari unaofuata, akaona ni wake.

Jioni mwombe mumeo asome yeye, wewe usikilize. Najua unasoma vizuri kuliko yeye. Vumilia anapojikwaa, usimrekebishe. Ufunuo unaanza kwa kumwita heri asomaye na wao wayasikiao, mmoja anasoma, wengine wanasikia, na kwa karne nyingi hivyo ndivyo watu wengi walivyolipokea Neno, kwa kuwa vitabu vilikuwa vichache na wajuao kusoma wachache. Wewe hujawahi kuwa upande wa wanaosikia. Utashangaa.

Kisha siku moja msimulie riwaya unayoisoma. Usimkabidhi kitabu, hatakisoma. Msimulie, kidogo kidogo, ukiishia pabaya ili kesho aulize. Mzee wa kanisa asiyesoma riwaya bado ana masikio, na sijakutana na mtu asiyetaka kujua aliyeachwa jangwani alitokaje.

Kuhusu usiku, Kanuni ya Mtakatifu Benedicto, ya karne ya 6, inawaruhusu watawa wakati wa mapumziko ya mchana kusoma vitandani mwao, ila kwa sharti kwamba anayesoma asimsumbue mwenzake. Nimefurahi kuona kwamba tatizo la kitandani ni la zamani hivyo. Kwa hiyo shuka lako lina kibali cha kale. Lakini mume aliyelala kando ya shuka lenye mwanga ndani hajalala, nakuhakikishia, hata akikoroma. Soma sebuleni, kisha uje kulala.

Umesema hujui kama zaburi au riwaya ndiyo iliyokushikilia mama yako alipofariki, na kwamba hilo linakutisha. Augustino angekuunga mkono katika hofu hiyo. Anajilaumu kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido, malkia wa kwenye shairi aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, huku roho yake mwenyewe ikifa mbali na Mungu naye hatoi chozi. Mimi hapo naona alijikazia mno. Mtu aliyejifunza kulia kwa ajili ya Dido ndiye huyo huyo aliyekuja kububujikwa na machozi bustanini Milano. Moyo unaolainika kwa jambo la kubuni haujaharibika. Riwaya yako ilikupa mwanamke wa kulia naye, zaburi ikakupa wa kumlilia. Sioni sababu ya kuzipambanisha.

Hata hivyo si kila riwaya itakufanyia hivyo, na njia ya kupima ninayoiamini ni ya Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti. Alikuwa askari, mwaka 1521 huko Pamplona risasi ya mzinga ilimvunja mguu. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya mashujaa wapanda farasi alivyovizoea. Nyumba ile haikuwa navyo, akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akawa anaota mchana, mara ushujaa na binti aliyetaka kumpendeza, mara kuishi kama watakatifu wale. Ndoto zote mbili zilimfurahisha zilipokuwa zikiendelea. Tofauti aliiona baadaye: ile ya kwanza ikiisha ilimwacha mkavu na mwenye uchungu, ya pili ikiisha furaha inabaki. Basi usikipime kitabu ukiwa katikati yake, katikati vyote ni vitamu. Jipime dakika chache baada ya kukifunga. Kuna riwaya ukiifunga unamtazama mumeo kwa macho mapya, unamwona ni mtu mwenye mambo yake ndani. Kuna nyingine ukiifunga unamwona anakuzibia njia ya kurudi ndani ya kitabu. Za aina ya pili ziache, bila nadhiri, kimyakimya tu.

Kwa yule mama aliyefunga Biblia, nenda nyumbani kwake siku ambayo si ya kikundi. Muulize anadhani Yona alijibu nini. Halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Insha ya mwanao iombe tena leo. Mwambie ulikuwa hukusikiliza vizuri na unataka kuisikia upya. Akiuliza nzuri wapi, mwonyeshe mahali kwa kidole.

Na mumeo mwambie juu ya nadhiri kabla ya Jumapili, ukiwa umekaa naye na simu iko chumba kingine. Usingoje Jumapili asubuhi anafunga tai.

Shangazi yako